Kaka wa kwetu anataka nisaini karatasi ya nyumba

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia saa tisa usiku. Nimetoka shifti kwenye nyumba ya wazee, mume wangu amelala, au anajifanya amelala. Sisi ni Watanzania, tuko Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na tatu sasa, na tuna watoto wawili. Mume wangu ana lori lake mwenyewe, anabeba mizigo ya mikataba.

Mwishoni mwa 2020 tulinunua nyumba kwa dola 300,000. Benki mbili zilitukataa, maana kwenye karatasi za kodi kipato cha mume wangu kilionekana kidogo, mhasibu alishatoa gharama zote za lori. Dalali mmoja wa mikopo akatuambia ipo njia nyingine: wenyewe wanaangalia taarifa za benki za miezi 12, mambo ya kodi hawayataki. Tukatoa dola 30,000 tulizojinyima miaka sita, tukakopeshwa 270,000 kwa riba ya asilimia 5.875. Wenzetu wakati ule walikuwa wanapata asilimia 3. Nilimuuliza dalali kwa nini sisi mbona juu hivi, akasema tukikaa mwaka mmoja tutabadilisha. Hatukubadilisha. 2022 riba zikapanda kila mahali, na mizigo ya malori ikaporomoka.

Kumbe ile riba ilikuwa ya miaka mitano tu. Ilipokwisha ikaruka hadi 7.875, na kodi ya nyumba nayo ilishapanda tangu kaunti ilipofanya tathmini mpya. Malipo ya mwezi yametoka dola 2,067 hadi 2,555. Desemba injini ya lori ikafa. Januari hatukulipa. Februari hatukulipa. Machi tulipeleka dola 1,200, wakazirudisha.

Barua zinakuja, mume wangu anaziweka kwenye droo ya chini bila kuzifungua. Nikimuuliza, anasema yeye ndiye mwanaume wa nyumba hii.

Sasa kuna kaka mmoja wa kwetu, tunasali naye, ana ofisi ya kujaza kodi na makaratasi ya uhamiaji. Anasema ameshaokoa nyumba za watu wengi. Anataka dola 3,500 kwanza ili aturekebishie mkopo. Ametuambia tusiongee tena na kampuni ya mkopo, yeye ndiye ataongea, na hata tukipata hela tusilipe chochote. Halafu ameleta karatasi ya kusaini, nyumba iende kwa jina la kampuni yake “kwa muda”, ili benki isiipate. Nyumba na mkopo viko kwa jina la mume wangu peke yake, ila huyu kaka anasisitiza na mimi nisaini. Mume wangu yuko tayari. Mimi moyo unasita, na nikisita naonekana simwamini mtu wa dini.

Tuna kiwanja Kibaha, labda milioni 18 za Kitanzania. Mume wangu anasema tukiuze tulipe malimbikizo. Kila mwezi tunatuma nyumbani dola 500. Tukibanana sana, kwa nyumba tunaweza kutoa kama 2,150, zaidi ya hapo ni kujidanganya. Nifanyeje, Mjomba? Naogopa watu wakijua.

Mama Wawili, Columbus

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usisaini. Kama ulishasaini kabla ya kunisoma, acha hapo hapo, kesho asubuhi piga simu Legal Aid of Southeast and Central Ohio. Ofisi wanayo hapo Columbus na ni mawakili kweli. Waambie umesaini nini na lini. Kama hujasaini, vuta kiti.

Tuanze na hesabu ambayo huyo kaka ameshaipiga na ninyi bado. Mlikopa 270,000, mmelipa miaka mitano, kwa riba ile mnadaiwa kama 250,850. Weka malimbikizo na gharama za kuchelewa, tuseme 259,000. Sasa niambie, nyumba za mtaa wenu zinauzwa ngapi? Uliza leo. Columbus nyumba zimepanda sana tangu 2020, na sitashangaa kusikia yenu inafika 375,000. Ikiwa hivyo, ukitoa deni inabaki laki moja na elfu kumi na sita ambayo si ya benki, ni yenu. Anayewaomba 3,500 anawaonjesha tu. Anachokitaka ni hiyo laki iliyomo ndani ya kuta, na anaipata bure siku mnapomhamishia nyumba.

Karatasi aliyowaletea, nikisikia unavyoieleza, ni hati ya kuachia haki, huku wanaiita kwitikleimu. Ukishaisaini na kusajiliwa kaunti, nyumba ni ya kampuni yake. Mkopo unabaki kwa mume wako. Yaani mume wako anadaiwa nyumba ambayo si yake, na kaka anaweza kuipangisha, kuiuza au kuikopea. Na benki haizuiwi na karatasi hiyo hata kidogo, rehani yake ilitangulia, na inaifuata nyumba popote iendapo.

Umeniuliza bila kujua kwamba unauliza: kwa nini anaing'ang'ania sahihi yako, wakati nyumba ni ya jina la mume? Kwa sababu Ohio ni mojawapo ya majimbo machache ya Marekani yaliyobakiza sheria ya zamani inayompa mwenza haki ndani ya nyumba hata kama jina lake halimo kwenye hati. Bila sahihi yako, hati yake ina tundu. Huyo mtu anaijua sheria vizuri, mpwa wangu. Angekuwa mjinga anayejaribu kusaidia, asingejua kukuomba.

Na tangu 2011 sheria ya nchi nzima inamkataza mtu anayejitangaza kuokoa mikopo ya nyumba kuchukua senti kabla hajakuletea ofa ya maandishi kutoka kwa mkopeshaji na wewe ukaikubali. Inamkataza pia kukwambia usiongee na mkopeshaji wako. Mawakili wana utaratibu wao tofauti kidogo, lakini huyu si wakili. Katika sentensi tatu alizowaambia amevunja sheria mara mbili. Ukitaka kumjibu kwa heshima, mwambie: “Kaka, tuletee kwanza barua ya kampuni ya mkopo, hela yako utaikuta.” Utaona atakavyokosa nafasi wiki hiyo.

Nisikudanganye kwamba haya nimeyasoma tu. 2005 nilikuwa Cleveland, si mbali na mtaa wa Slavic Village, nikanunua nyumba kwa mkopo wa aina iliyokuwa ikiitwa mbili-ishirini-na-nane: miaka miwili riba imetulia, miaka 28 inayobaki inaweza kupanda kila miezi sita. Dalali wangu alikuwa mtu wa kwetu vilevile, tulikula naye pilau ya Idi. Kwenye fomu alinijazia kipato ambacho sikuwahi kukiona maishani. Nilipomuuliza akacheka, akasema hapa hakuna anayeangalia. Alikuwa mkweli kwa hilo. Mkopo wangu ulikatwakatwa pamoja na wa maelfu ya wengine, ukauzwa New York, ukauzwa tena. Dalali alishalipwa siku ya kusaini, na wakati ule kadiri alivyokusukumia riba ya juu ndivyo mfuko wake ulivyonona. Hiyo ndiyo ilikuwa sabpraimu, mikopo ya waliokataliwa mlango wa mbele. Na si wote tuliostahili kukataliwa. Desemba 2011 Countrywide, kampuni kubwa ya mikopo ya nyumba, ilikubali kulipa dola milioni 335 kumaliza kesi ya serikali kuhusu zaidi ya wateja 200,000, weusi na wa asili ya Kilatini, waliotozwa zaidi au kusukumwa kwenye mikopo hiyo.

Mwaka wa pili malipo yangu yaliruka. Nikapiga simu, nikaambiwa nitume makaratasi kwa faksi. Nikatuma. Wakasema hayajafika. Nikatuma tena, mara tano, na huku kesi inaendelea mahakamani, kwa sababu idara ya kusaidia na idara ya kunadi hazikuwa zinaongea. Nyumba ilinadiwa nikiwa nimeshika stakabadhi za faksi mkononi. Nilikwenda siku moja 2009 kuiangalia, nikakuta wezi wameng'oa mabomba ya shaba. Hapo ndipo nilipoanza kujitolea kwenye ofisi ya ushauri wa nyumba, na sijaacha.

Tofauti ya mimi na wewe ni mbili. Mimi nilidaiwa kuliko thamani ya nyumba, wewe una akiba ndani yake. Na mchezo ule wa kukunyang'anya huku wakikuahidi msaada umewekewa breki za kisheria tangu Januari 2014. Breki hizo zinafanya kazi kwa kalenda, kwa hiyo chukua ya ukutani.

Kampuni inayokusanya marejesho hairuhusiwi kufungua kesi ya kunadi nyumba mpaka mpite siku 120 za kutolipa. Malipo ya kwanza mliyokosa ni ya Januari 1. Siku ya 120 ni Mei 1. Mkiwasilisha maombi kamili ya kurekebishiwa mkopo kabla hawajafungua kesi, hawaruhusiwi kuifungua mpaka wayajibu. Neno la kushika hapo ni “kamili”. Karatasi moja ikikosekana, maombi yako si maombi. Wakishapokea wana siku tano za kazi za kukuandikia kama yametimia au nini kimepungua, na yakitimia wana siku 30 za kukupa uamuzi. Mlango haufungwi wote Mei 1, hata kesi ikiwa imefunguliwa maombi kamili yakifika zaidi ya siku 37 kabla ya mnada yanausimamisha. Lakini wewe usifike huko. Kesi ikianza wanakurundikia ada za mawakili juu ya deni.

Kwa hiyo wiki hii. Mume wako, kwa sababu mkopo ni wake, apige simu kampuni ya marejesho, aombe fomu za msaada wa mwenye nyumba, na aandike barua ya kuwaruhusu waongee na wewe. Kama ameshampa huyo kaka ruhusa ya namna hiyo, aifute kwa maandishi siku hiyo hiyo. Halafu pigeni 800-569-4287, namba ya Wizara ya Nyumba, HUD, wawaelekeze kwa mshauri aliyeidhinishwa aliye karibu nanyi. Ushauri wa kuokoa nyumba ni bure. Mshauri akikutajia bei, toka.

Yenu itahitaji makaratasi mengi kuliko ya mtu wa mshahara: taarifa za benki, karatasi za kodi, hesabu ya mapato na matumizi ya lori mwezi kwa mwezi, hati zako za mshahara. Na barua ya kueleza shida. Watu wetu hapo huharibu. Wanaandika kurasa tatu za kuomba huruma, wanamtaja Mungu mara nane, hawataji tarehe hata moja. Ninyi andikeni nusu ukurasa: riba ilipanda mwezi gani, malipo yametoka ngapi hadi ngapi, injini iliharibika lini, lori limerudi barabarani lini, sasa mnaweza kulipa ngapi. Ambatanisha risiti ya fundi. Kila unachotuma kiwe na nakala, tarehe na jina la uliyeongea naye. Mimi bado nina stakabadhi zangu za faksi za 2008, mke wangu anazichukia.

Sitakuahidi watakubali. Mkopo wenu ni wa wawekezaji binafsi, haumo kwenye mikopo yenye dhamana ya serikali kama ya FHA ambayo ina njia zake zilizopangwa. Ule mpango mkubwa wa Obama wa 2009 wa kurekebisha mikopo ya nyumba ulifungwa mwisho wa 2016. Sheria inawalazimu wakuangalie kwa haki kwenye kila njia waliyonayo, haiwalazimu wakupe. Lakini wawekezaji nao wana hesabu zao, na mkopaji anayeweza kulipa 2,150 kila mwezi si mtu wa kutupa.

Wakikubali, wataongeza malimbikizo kwenye deni, watashusha riba au kuifunga isibadilike tena, watarefusha miaka. Hapo ndipo nataka uwe macho. Chukulia, kwa kukisia tu, deni la 259,000 na riba iliyofungwa kwa asilimia 6.5. Kwa miaka 40 utalipa kama 1,516 kwa mwezi, ukiweka kodi na bima yenu ya sasa, 640 hivi, ni 2,156. Inaangukia pale pale kwenye uwezo wako, na utafurahi, utasaini. Kwa miaka 30 ni kama 1,637, jumla 2,277. Tofauti ni dola 121 kwa mwezi. Mpaka mwisho wa mkopo, ile ya miaka 40 inakula zaidi ya dola 138,000 juu ya nyingine. Ukiwa na hali mbaya kabisa chukua ya 40, kisha ongeza chochote kila mwezi kwenye deni lenyewe. Ila kwanza tafuta hizo 121.

Na unajua nitakapozitafuta. Hizo 500 za nyumbani. Sikwambii uache kumtunza mama, mimi mwenyewe nimetuma miaka 24. Nakwambia mama yako hajui. Anadhani mnaishi kwenye jumba. Mpigie, umwambie mwaka huu ni 300, na sababu. Wazazi wetu wamepitia njaa na vita vya Kagera na foleni za sabuni, si wepesi wa kuvunjika kama tunavyojifanya kuamini. Anayevunjika ni sisi, tukionekana.

Kiwanja cha Kibaha kisiuzwe sasa. Si kwa mapenzi ya ardhi. Hata milioni 18 ikiziba malimbikizo, Mei mnadaiwa 2,555 ile ile msiyoiweza, na Agosti mko hapa tena bila kiwanja. Kwanza mjue malipo mapya ni ngapi. Na mtu anayeuza kiwanja kwa simu kutoka Marekani huku ana haraka, wanunuzi wa Kibaha wanamnusa tangu uwanja wa ndege.

Wakikukubalia, kwa kawaida watakupa miezi mitatu ya majaribio. Mlipe kiasi walichokitaja, kwa senti, kabla ya tarehe. Siku mbili za kuchelewa zimeshazika marekebisho ya watu ninaowafahamu.

Wakikataa, uliza sababu kwa maandishi, na kama sheria inakupa rufaa una siku 14, usizichezee. Halafu kaeni muongee juu ya kuuza wenyewe, kupitia wakala wa kawaida. Kwa ile bei ya 375,000, ukilipa deni na gharama za kuuza, mnatoka na karibu elfu 90 mkononi na hakuna aliyenadiwa. Mimi 2008 ningetoa jino nipate njia hiyo. Mnada wa sherifu hapa unaweza kuanzia theluthi mbili ya thamani waliyoikadiria, ukikosa mnunuzi unaweza kushuka zaidi. Ipo pia mahakama ya kufilisika, ile ya sura ya 13, inayosimamisha mnada na kukupa miaka mitatu hadi mitano ya kulipa malimbikizo. Hiyo mwulize wakili, usimwulize mjaza kodi.

Kuhusu mume wako. Hujaniuliza, lakini barua yako nusu yake ni yeye. Katika ile droo ya chini kuna bahasha nakuhakikishia ipo: sheria inataka mkopaji aarifiwe miezi saba hivi kabla ya malipo ya kwanza ya riba mpya. Aliiona, akaificha, na tangu siku hiyo amekuwa akiubeba mzigo huu peke yake ndani ya lori, usiku, barabarani. Ndiyo maana kaka wa dini akisema “niachie mimi”, mume wako anasikia kama mvua. Usimfokee. Mngoje Jumapili mchana, watoto wakiwa nje, mwombe mfungue bahasha zote pamoja, ya zamani kwanza. Wewe soma kwa sauti, yeye aandike tarehe kwenye daftari. Akikwambia yeye ndiye mwanaume wa nyumba, mwambie ndiyo, na hati ya nyumba hiyo haitoki bila sahihi ya mkewe.

Ile karatasi ya kaka usiichane. Iweke kwenye bahasha safi, andika juu tarehe aliyoileta, na uende nayo kwa mshauri.